Makaa Yasiyo na Moshi

Mhariri ameniomba niandike katika kurasa hizi za Kiswahili habari ya mapafu, kwa kuwa anajua ya kwamba katika mtihani wa muhula wa pili mwaka jana nilipata alama 19 kati ya 20 katika swali hilo. Nimekubali, lakini si kwa ajili ya alama zile. Nimekubali kwa sababu wiki mbili tu baada ya kuzipata nilikaribia kumwua mdogo wangu, mtoto wa mama yangu, na kujiua mwenyewe pamoja naye, kwa jambo ambalo karibu kila sehemu yake ilikuwa imeandikwa katika daftari langu kwa mkono wangu. Wenzangu wanafunzi, nanyi kaka zetu mliokwisha kuondoka shuleni mkapata kazi na nyumba zenu, naomba mnivumilie. Nitaanza na somo lenyewe kama tulivyofundishwa, kisha nitasimulia habari za usiku ule.

Siku ya somo, mwalimu wetu wa bayolojia aliingia darasani na karai lililofunikwa kwa jani la mgomba. Alfajiri alikuwa amepita sokoni kwa mwuza nyama akanunua mapafu ya mbuzi, yote mawili, pamoja na koo la hewa, na moyo ukining'inia katikati. Wavulana wa viti vya nyuma wakacheka, wakasema leo tutakula vizuri. Mwalimu hakuwajibu. Alikata kipande cha ini na kipande cha pafu, akavitia katika ndoo ya maji. Ini likazama kama jiwe, na pafu likaelea. Akauliza, "Nani ataniambia sababu yake?" Tukanyamaza. Akasema, "Ini ni nyama. Pafu ni hewa iliyozungukwa na nyama kidogo."

Kisha akaniita mbele. Alikuwa amefunga mpira wa pampu ya baiskeli katika koo lile la hewa, akaniambia nipige pampu taratibu. Mapafu yale yaliyokuwa yamenywea kama kitambaa kilichokamuliwa yakaanza kuinuka. Yakajaa, yakatanuka mpaka ukingo wa karai, na rangi yake ya damu iliyoiva ikageuka kuwa ya waridi. Hata wale wa nyuma wakasimama juu ya viti ili waone. Nilipoacha, yakapumua yenyewe, yakarudi chini kwa sauti kama ya mtu anayeshusha pumzi baada ya kutua mzigo.

Mwalimu akatupitisha mmoja mmoja, tuguse koo la hewa kwa kidole. Lina pete ngumu za gegedu, lakini pete hizo hazikufungika. Kila moja ina umbo la herufi C, na uwazi wake uko nyuma, mahali linapopita koo la chakula, ili tonge kubwa lipate nafasi. Koo la hewa la mtu mzima lina urefu wa sentimita 10 hadi 12. Likifika kifuani hugawanyika matawi mawili, moja kwa kila pafu. Pafu la kulia la mwanadamu lina sehemu 3, na la kushoto lina 2 tu, maana limeuachia moyo nafasi. Kila tawi hugawanyika tena, na matawi hayo hugawanyika tena, mpaka mara 23 hivi. Ni kama mti uliopinduliwa, mizizi juu na majani chini. Mwalimu akatuambia tuhesabu: 2, kisha 4, kisha 8, kisha 16, twende hivyo mpaka mara ya 23. Tulipofika mwisho tukapata zaidi ya milioni 8, na wengine wetu tukadhani tumekosea hesabu.

Penye ncha za matawi hayo ndipo penye vifuko vya hewa. Vimesongamana kama punje za mtama katika shuke lake, na kila kimoja hakifiki hata theluthi moja ya milimita kwa upana. Wataalamu waliovihesabu kwa darubini wametoa taarifa mwaka 2004 ya kwamba mapafu mawili ya mtu mzima yana vifuko karibu milioni 480. Ukivipasua vyote na kuvitandaza chini kama mkeka, vitafunika mita za mraba 70 au zaidi. Mwalimu alipima darasa letu kwa hatua: mita 7 kwa 10. Akasema, "Sakafu hii yote mnaibeba vifuani mwenu, nanyi mnalalamika kwamba mifuko ya vitabu ni mizito."

Kila kifuko kimezungukwa na mishipa ya damu myembamba sana, ambayo vitabu huiita kapilari. Ni myembamba hata chembe nyekundu za damu hupita humo moja moja, kama watu wanaovuka daraja la mti mmoja. Kati ya hewa ya kifuko na damu ya mshipa pana ukuta, lakini unene wake ni karibu nusu ya sehemu moja ya elfu ya milimita. Karatasi moja ya daftari ni nene kuliko ukuta huo zaidi ya mara 100. Hapo, katika utando huo, ndipo uhai wetu unapopita.

Pafu lenyewe halina msuli wa kujivuta. Chini yake kuna kiwambo, na ubavuni kuna mbavu. Kiwambo kikishuka na mbavu zikiinuka, kifua hupanuka na hewa huingia yenyewe. Mtu aliyetulia huvuta karibu nusu lita kila pumzi, mara 12 hadi 16 kwa dakika. Hewa anayovuta ina oksijeni 21 katika 100, na hewa anayotoa ina 16 hivi. Kaboni dayoksaidi inaingia kidogo mno, 0.04 tu katika 100, nayo inatoka ikiwa karibu 4. Tulipuliza hewa yetu katika maji ya chokaa yaliyo safi kama machozi, yakageuka meupe kama maziwa, tukaamini.

Ndipo mmoja wetu akauliza swali zuri. Akasema, "Bwana, ni nani anayeisukuma oksijeni ipite katika ukuta ule?" Mwalimu akafurahi, maana hata wataalamu waliwahi kugombana juu ya swali hilo. Wako waliosema kwamba pafu lenyewe huichagua oksijeni na kuisukuma ndani kwa nguvu zake. Mwaka 1910, August Krogh na mkewe Marie, katika nchi ya Denmark, wakaonyesha kwa vipimo kwamba sivyo. Gesi hupita yenyewe, hutoka penye wingi kwenda penye uchache, basi. Katika kifuko, kani ya oksijeni ni karibu 100 kwa kipimo cha milimita za zebaki, na katika damu inayofika kutoka mwilini ni 40, kwa hiyo oksijeni huingia katika damu. Kaboni dayoksaidi ni karibu 46 katika damu na 40 katika kifuko, kwa hiyo hutoka. Chembe ya damu hukaa pale robo tatu ya sekunde tu kwa mtu aliyetulia, nayo huwa imekwisha kujaa oksijeni kabla hata ya kufika katikati ya safari.

Mwalimu akaandika ubaoni kwa herufi kubwa: PAFU HALINA BAWABU. Akatueleza kwamba pua ina nywele na njia za hewa zina ute wa kunasa vumbi, lakini gesi ikishafika katika kifuko hakuna wa kuiuliza inakwenda wapi. Nikayaandika maneno hayo. Katika mtihani nikayaandika tena, nami nikapewa alama kwa ajili yake.

Alitusimulia pia habari ya tabibu Ibn al-Nafis, aliyezaliwa karibu na Dameski na kufanya kazi yake Misri. Huyu aliandika katika karne ya 13 kwamba damu haipenyi katika ukuta wa moyo kutoka upande mmoja hadi wa pili, kama watu walivyokuwa wakiamini tangu zamani za Galeni, bali huzunguka kwanza katika mapafu, ikakutana na hewa huko, kisha ikarudi moyoni. Hakuwa na darubini. Mishipa yenyewe myembamba haikuonekana kwa macho ya mtu mpaka mwaka 1661, Marcello Malpighi wa Italia alipotazama pafu la chura kwa darubini yake. Habari hizi zote niliziweka kichwani vizuri. Nilikwenda likizo nikijiona kama daktari mdogo.

Bibi yetu anakaa Kigezi, katika milima ya karibu na Kabale, mahali palipoinuka zaidi ya mita 1,800 juu ya bahari. Ninyi mnaotoka nchi za chini hamwezi kujua baridi ya huko mwezi wa Septemba, mvua za vuli zinapoanza. Ukungu hupanda kutoka bondeni jioni, ukaingia mpaka chini ya blanketi. Bibi amepita miaka 70, lakini bado hulima viazi na mtama katika matuta ya mlimani. Ana nyumba yake, ana jiko lake la kuni mbali kidogo, na kando ya ua kuna kibanda cha chumba kimoja ambamo mimi na mdogo wangu hulala tukimtembelea. Mjomba alimnunulia sigiri, yaani jiko la makaa, ili apate kuota moto jioni akiwa barazani. Kila usiku kabla ya kulala Bibi huitoa sigiri nje na kuiweka mwisho wa baraza, hata kama makaa bado yanawaka.

Usiku wa tatu baridi ilizidi. Nikamwomba Bibi ruhusa tulale na sigiri chumbani kwetu. Akakataa. Akasema, "Moto haulali chumba kimoja na watu."

Nikacheka. Nikamwambia, "Bibi, kinachodhuru ni moshi wa kuni. Tazama makaa haya, yameiva, hayana moshi hata kidogo. Sisi shuleni tumesoma mapafu."

Bibi akanitazama kwa muda. Akasema, "Wewe umesoma mapafu, mjukuu wangu. Mimi nimezika watu." Akaingia kulala.

Nasema kweli, maneno yake hayakuniingia. Niliyahesabu katika mambo ya wazee. Taa ya Bibi ilipozimika nikatoka nje polepole, nikaichukua sigiri barazani, nikaongeza makaa, nikaipuliza mpaka ikawaka vizuri, nikaiingiza chumbani. Mdogo wangu, ambaye ana miaka 11 na hufuata kila nisemalo, alifurahi mno. Nikaziba dirisha kwa gunia. Nikakunja blanketi kuukuu nikalisukuma chini ya mlango, ili baridi isipate pa kupita. Tukakaa kitandani tukitazama moto. Juu ya makaa mekundu kulikuwa na vimoto vidogo vya rangi ya samawati vikichezacheza. Mdogo wangu akaniuliza ni nini, nikamwambia ni uzuri wa makaa mazuri. Tukalala.

Sijui ilikuwa saa ngapi nilipoamka. Kichwa kilikuwa kikinigonga kama ngoma, na tumbo likichafuka. Nikadhani nimeshikwa na malaria. Kwamba nakosa hewa sikufikiri hata mara moja, maana pumzi yangu ilikuwa ikienda sawasawa bila taabu yoyote. Nikamwita mdogo wangu, hakujibu. Nikamtikisa, kichwa chake kikaangukia upande. Alikuwa akikoroma kwa namna nisiyopata kuisikia. Nikataka kusimama, miguu ikakataa, nikaanguka sakafuni. Nikatambaa mpaka mlangoni, nikauvuta, haukufunguka, kwa kuwa lile blanketi nililolikunja mwenyewe lilikuwa limeukaza. Nakumbuka nikilivuta kwa vidole visivyo na nguvu, nikilia. Mlango ukafunguka kiasi cha kichwa kupita. Nikalaza uso wangu juu ya kizingiti, penye matope na mvua, na hapo kumbukumbu yangu ikakatika.

Mengine nilisimuliwa. Mbwa alibweka, Bibi akatoka na tochi. Hakutazama mbwa, alitazama mwisho wa baraza. Alipoona mahali pa sigiri pako wazi, alijua. Alikuja mbio, mwanamke wa miaka ile, akanivuta kwa mikono, akaniacha katika majani yenye mvua, akaingia na kumtoa mdogo wangu. Kisha akapiga yowe. Majirani wakaja, na mmoja akaleta maziwa, kwa kuwa wako wanaoamini kwamba maziwa huondoa kila sumu. Bibi akakataa. Akasema, "Asiyejua anameza nini hapewi kitu." Baadaye daktari alimsifu sana kwa neno hilo, maana mtu aliyezimia akinyweshwa, maziwa huweza kwenda mapafuni.

Jirani mwenye gari la kupeleka viazi sokoni alitupakia juu ya magunia. Tulipofika hospitalini mimi nilikuwa nimezinduka, lakini mdogo wangu bado. Mwuguzi akambana kidole kwa kile kifaa kidogo kinachopima oksijeni katika damu kwa mwanga. Kikaonyesha 98. Nilijua kwamba 98 ni namba nzuri, na moyo wangu ukatulia. Daktari akamwuliza Bibi kilichotokea. Bibi akajibu neno moja, "Sigiri." Pale pale daktari akakiondoa kifaa kile kidoleni, akasema, "Hiki sasa kinadanganywa," akaagiza mtungi wa oksijeni na barakoa.

Kulipopambazuka, daktari alinikuta nimekaa kwenye benchi. Akaniuliza nasoma kidato gani, nikamwambia. Akaniuliza kama nimesoma kubadilishana kwa gesi katika mapafu. Nilitamani ardhi inimeze. Nikajibu, "Nimesoma." Hakunikemea. Aliketi kando yangu akanieleza kwa upole, nami nawaeleza ninyi kama nilivyoelewa.

Makaa yakiungua mahali penye hewa tele hutoa kaboni dayoksaidi. Lakini katikati ya makaa, mahali oksijeni inapopungua, hutokea gesi nyingine, kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haina ladha. Vile vimoto vya samawati nilivyomsifia mdogo wangu ni gesi hiyo hiyo ikiungua juu ya makaa, na ile isiyopata kuungua ilikuwa ikijaa chumbani. Moshi ungetukohoza, ungetuamsha. Makaa yasiyo na moshi hayana adabu hiyo ya kubisha hodi.

Gesi hii ikifika katika vifuko vya mapafu hupita katika ukuta ule mwembamba kama oksijeni ipitavyo. Mapafu yetu usiku ule hayakuwa na kasoro. Yalifanya kazi yao vizuri kabisa, na kwa kufanya kazi yao vizuri yalikuwa yakituua. Ndani ya chembe nyekundu za damu mna kitu kiitwacho himoglobini, ambacho ndicho kibebacho oksijeni. Kifikirieni kama mtumbwi wa Ziwa Bunyonyi wenye nafasi za abiria wanne. Oksijeni hupanda mapafuni na kushuka mwilini. Kaboni monoksaidi ikipanda haitaki kushuka; hung'ang'ania nafasi yake kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Tena abiria wa oksijeni waliobaki katika mtumbwi huo nao huwa wazito wa kushuka. Ndiyo maana kifaa cha kidoleni hudanganywa: chenyewe hutazama rangi, na damu iliyobeba sumu hii ni nyekundu kama damu iliyobeba oksijeni. Kinaona mtumbwi umejaa, hakijui umejaa nani.

Fanyeni hesabu hii, ni ya kidato cha kwanza. Katika kila sehemu 1,000 za hewa, 210 ni oksijeni. Ikiwa humo imeingia sehemu 1 tu ya kaboni monoksaidi, na kila sehemu yake ina nguvu kama 210 za oksijeni, basi wawili hawa watagawana damu yako nusu kwa nusu, ukikaa humo muda wa kutosha. Sehemu moja katika elfu! Nasi tulikuwa katika mlima, mahali ambapo kani ya hewa yote ni kama sehemu nne katika tano za ile ya pwani, kwa hiyo hatukuwa na akiba kubwa tangu mwanzo.

Na kwa nini sikuona kukosa hewa? Kwa sababu kinachomfanya mtu ahisi kubanwa pumzi hasa ni kaboni dayoksaidi kuzidi mwilini, na yetu ilikuwa ikitoka kama kawaida. Kengele ya mwili haikulia.

Dawa yake ni hewa safi, na oksijeni. Mtu akitolewa nje, nusu ya sumu huondoka katika damu kwa muda wa saa 4 hadi 6. Akivuta oksijeni tupu, nusu huondoka kwa muda wa saa moja na nusu hivi. Nilikaa nikitazama barakoa juu ya uso wa mdogo wangu nikihesabu saa kwa vidole. Karibu na adhuhuri alifumbua macho, akamtafuta Bibi, akauliza ni nani aliyewafungulia ng'ombe. Nikatoka nje, kwa kuwa sikutaka anione nikilia.

Hata hivyo habari haikuisha siku ile. Kwa muda wa wiki kadhaa alikuwa mzito wa fikira. Alisahau majina ya ng'ombe wa Bibi, yeye ambaye ndiye aliyewapa majina hayo. Alikuwa akisimama mlangoni asijue alikusudia kwenda wapi. Daktari alikuwa ametuonya kwamba ubongo ulionyimwa oksijeni huweza kuchelewa kurudi. Sasa amepona, namshukuru Mungu, na muhula uliopita alishika nafasi ya tano darasani. Lakini nikimwona ametulia kimya kwa muda mrefu, mpaka leo moyo wangu hushtuka.

Bibi hakunigombeza. Siku tuliyoondoka aliniambia, "Elimu yako ni nzuri. Lakini siku nyingine elimu yako na maneno yangu vikipingana, ulize kwanza kabla ya kuziba dirisha." Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Mimi ni mjukuu, nami nimeyajua majuto.

Niliporudi shuleni nilimwendea mwalimu wetu, nikamsimulia yote, nikamwambia alama zile 19 hazinistahili. Akasema alama ni za karatasi, nayo karatasi ilijibu sawa. Kisha akanieleza mambo mawili ambayo hayakuwa katika somo. La kwanza, kwamba yule Marie Krogh, mwaka 1915, alitumia kiasi kidogo mno cha kaboni monoksaidi ili kupima jinsi gesi zinavyopenya katika mapafu ya mtu, kwa sababu damu huishika upesi mno. Madaktari wangali wakitumia njia iliyotokana na hiyo. La pili, kwamba John Scott Haldane wa Uingereza alijivutisha gesi hii mwenyewe, akaandika mwaka 1895 jinsi ilivyomlegeza, ili kuwaokoa wachimbaji wa makaa ya mawe. Yeye ndiye aliyeshauri wachukue wanyama wadogo chini ya ardhi, maana hao hulegea kabla ya mtu. Ndege wa kanari walitumika katika migodi ya Uingereza mpaka mwaka 1986. Mwalimu akasema, "Wewe ulikuwa na kanari, nayo ni Bibi yako. Hukumsikiliza."

Akaniambia nisimame mbele ya darasa nisimulie. Nilipomaliza, akauliza ni wangapi kati ya wale wanaopanga vyumba mjini hupika kwa sigiri ndani ya chumba na mlango umefungwa wakati wa mvua. Mikono ikainuka, mmoja, kisha mwingine, kisha mingi kuliko nilivyotazamia. Ndipo nilipoamua kuandika maneno haya.

Kwa hiyo, ndugu zangu, yashikeni haya. Jiko la makaa ni la nje, au la mahali penye dirisha na mlango vilivyo wazi. Usilale nalo, hata likiwa linaonekana kufifia, maana makaa yaliyofunikwa na majivu bado hutoa sumu. Kadhalika usiwashe jenereta wala kuacha injini ya gari ikinguruma ndani ya chumba kilichofungwa. Watu wa nyumba moja wakiumwa kichwa na kutapika wote pamoja penye moto, msiseme ni malaria. Tokeni nje kwanza. Ukimkuta mtu amezimia, fungua mlango, mtoe upesi, usimnyweshe kitu, mpeleke hospitali, na ukifika huko sema wazi kwamba palikuwa na moto wa makaa. Neno hilo moja la Bibi lilifanya kazi kuliko kifaa.

Nanyi kaka zetu wa zamani, wengi wenu mna nyumba katika nchi za baridi na watoto wanaopenda moto. Waambieni. Kama hawasikii, wapeni gazeti hili wasome.

Mwenzenu,
Mwanafunzi wa Kidato cha Nne